Wimbo Niliompa Bi Zuwena

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi mtaani kwetu, na vijana wakawasha moto wa makumbi nyuma ya ukuta wangu ili wapashe ngoma zao ndogo, vidumbaki. Ngozi ya mbuzi ikipata moto hutoa harufu yake peke yake. Si ya nyama, si ya nywele zilizoungua, ni kitu kilicho katikati ya hivyo viwili, na hunata kwenye koo kama mafuta ya kondoo. Nilifunga madirisha yote mawili, nikajiziba pua kwa ncha ya kanga, na bado roho ikanichafuka hata nikaomba beseni. Mkwe wangu akadhani ni chakula cha mchana. Nikamwacha adhani hivyo, nikawasingizia dagaa wa watu.

Nyinyi mnaosoma nitawaeleza ukweli. Harufu ile ile, nilipokuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, ilikuwa ikinifanya niache wali sahanini na kukimbia. Ilikuwa na maana moja tu kwangu: mahali fulani hapa Wete, karibu, kidumbaki kinataka kulia.

Mama alikuwa akisema nimeingiwa na pepo wa ngoma na atafute mtu wa kunitoa. Ugonjwa ulianzia dukani kwa Bwana Kanji, aliyekuwa akiuza vitambaa karibu na soko. Alikuwa na santuri yenye pembe la shaba, na kila alasiri alikuwa akiipiga ili kuwavuta wanunuzi. Mimi sikununua hata uzi. Nilikuwa nikisimama kando ya mlango mpaka anifukuze, na akinifukuza nilikuwa nikizunguka nyumba nisikilize kwa nyuma, kwenye mfereji wa maji machafu, miguu ndani ya matope meusi. Kwa muziki nilikuwa sioni uchafu. Kumbukeni hilo.

Nyumba yetu ilikuwa Utaani. Baba alifanya kazi ya kupima karafuu kwenye ghala, na nguo zake, vitanda vyetu, hata mkate wetu, vyote vilinuka karafuu. Mama, Bi Maua, alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Na ukuta kwa ukuta nasi aliishi Bi Hadia, fundi cherehani.

Bi Hadia alikuwa bado kijana, labda hajafika thelathini, ingawa kwangu wakati ule alikuwa mtu mzima tu. Uso mwembamba, vidole virefu. Alishona kwa cherehani ya mkono, akiwa amekaa chini juu ya mkeka, na hapakuwa na mwanamke Wete nzima aliyeweza kukata gauni likakaa mwilini kama alivyokata yeye. Lakini alikuwa hatoki. Wateja walimfuata mlangoni na alizungumza nao akiwa amesimama mbali kidogo. Chetezo chake kilikuwa kikifuka ubani tangu alfajiri mpaka jioni, na nyuma ya nyumba, kwenye migomba, palikuwa na godoro la usufi lililoanikwa juani kila siku ya Mungu isipokuwa ya mvua.

Sababu niliijua. Nyumba ya mama ilikuwa na chumba kimoja na ukumbi, na mtoto aliyelala ukumbini husikia kila kitu. Bi Hadia alikuwa ameolewa shamba, huko Kaskazini. Akashikwa na uchungu siku tatu, mtoto akatoka maiti, na tangu siku hiyo mkojo wake ukawa haumngoji. Unatoka wenyewe, mchana na usiku, akiwa amekaa, akiwa amesimama, akiwa anasali. Mume alivumilia mwezi mmoja, kisha akamrejesha kwao na sanduku lake. Kwao wakamwekea mkeka jikoni. Akaja mjini akapanga chumba.

Mama peke yake ndiye aliyeingia chumba kile. Asubuhi kabla ya watu kwenda kisimani alikuwa akimtekea maji na kumsaidia kufua vitambaa vyake. Baba akaleta kutoka ghalani magunia matatu yaliyochoka, na mama akayaweka chini ya godoro la Bi Hadia, moja juu ya jingine, ili maji yasifike kwenye mbao za kitanda. Siku hiyo mama alinishika sikio, hakuniumiza, akanambia, "Haya unayoyaona hayatoki nje ya mlango huu. Umesikia, Riziki?"

Nilisikia.

Sasa niwakutanishe na Bi Zuwena. Siku zile za mwanzo za siasa, watu walipoanza kugawana mpaka visima na maziko, vikundi vya taarabu vya akina mama navyo viligawanyika. Wete tulikuwa na viwili, Waridi na Asumini, na kila kimoja kilikuwa na watu wake na upande wake. Mimi siasa sikuijua. Niliijua sauti.

Nilimwona kwa mara ya kwanza Idi Ndogo, uwanjani, baada ya Alasiri. Watoto wenzangu walikuwa kwenye pembea na kwenye ubuyu. Mimi nilijipenyeza katikati ya mabuibui mpaka nikafika mbele kabisa, na pale akasimama mwanamke mnene mweusi, wanja umekolea, kikuba cha asumini kifuani, kitambaa cheupe mkononi. Mzee mmoja aliyeitwa Faki alikuwa akipiga fidla, na ndiye mwanamume pekee kikundini. Wengine walikuwa wanawake, wa vidumbaki, wa cherewa za kutikisa, wa sanduku la kamba. Bi Zuwena alifumba macho, akaacha fidla ipite mbele kidogo, kisha akaingia. Wallahi nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya baridi mgongoni. Nililia. Nilikuwa na kipande cha muwa mkononi na nilisahau kukila mpaka nzi wakakimaliza.

Tangu hapo, Waridi, kikundi chake, wakipiga, nipo. Limbani nilichungulia kwenye ua wa makuti na siafu wakanipanda mpaka mapajani, na sikuondoka mpaka ubeti wa mwisho. Kipangani nilijificha chini ya meza ya sinia za pilau, mama mmoja akanikanyaga kidole na nikauma kanga yangu nisipige kelele. Nyimbo zote nilizijua. Nilizijua pamoja na vikohozi vyake. Nyumbani nilijifunga shuka la baba, nikashika kitambaa, nikaimba mbele ya kuku.

Bi Hadia alikuwa akinisikia kupitia ukutani. "Riziki," alikuwa akiniita, "rudia ile ya pili, umeikosea." Alikuwa na sikio. Alizungusha gurudumu la cherehani yake polepole ili lisinifunike, nami nikarudia. Vipande vya hariri vilivyobaki alinipa nifanye kilemba. Haya pia lazima niyaseme, ingawa hayanipendezeshi.

Idi Kubwa ya mwaka ule Asumini walitoka na nguo mpya. Magauni kumi na mawili ya kijani, ya sare, mikono ya marinda, kiuno kimeingia, kola zimetariziwa maua meupe. Uwanja mzima uliguna. Watu waliokuwa wakisikiliza Waridi wakaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakenda kusimama upande wa pili kutazama nguo tu. Bi Zuwena aliimbia mikeka mitupu. Nilibaki mimi, na wazee wawili waliokuwa wamelala. Nilimwona akimtazama mwenzake wa cherewa na kusema kitu kwa meno yaliyofungwa. Kila mtu alijua nguo zile zimetoka mkono gani.

Wiki chache baadaye nilikuwa nimejibana kwenye dirisha la nyumba yake, wakati kikundi kinafanya mazoezi, nikasikia sauti yake.

"Nani huyo anachungulia?"

"Si mtoto wa Bi Maua, wa Utaani," akajibu mpiga cherewa. "Kila tunakokwenda yupo. Nyimbo anazijua kutushinda sie."

Bi Zuwena akasema, "Mwache aingie. Njoo mwanangu. Njoo ukae hapa na mie."

Niliingia. Nilikuwa nimekiwaza chumba kile kwa miezi. Nilidhani kitanuka asumini. Kilinuka jasho la kale, mafuta ya nazi yaliyochacha, na ngozi za ngoma zilizoegemezwa motoni karibu na mlango. Kitandani palikuwa na shuka lenye madoa ya tambuu. Bi Zuwena alikuwa amekaa akitafuna, midomo myekundu hata kwenye mikunjo ya kidevu, na bila ya wanja macho yake yalikuwa madogo kuliko nilivyoyajua. Alitema kwenye kopo la samli, akafuta mdomo kwa kiganja, na akanipa lile kopo.

"Nishikie, mwaya."

Nililishika kwa mikono miwili. Lilikuwa nusu. Zito, jekundu, lenye nyuzi na povu juu, na lilikuwa na uvuguvugu. Leo nikiukumbuka uvuguvugu ule kwenye viganja vyangu nanawa mikono, nami ni bibi wa wajukuu saba. Siku ile niliona nimepewa cheo.

Waliimba mbili, kisha akapumzika, akanivuta ubavuni kwake.

"Weye jirani yako si yule fundi? Hadia?"

"Ndiye, Bi Zuwena."

"Mbona nyumba yake inafuka ubani kutwa kucha? Ana nini yule bibi?"

Nikiwaambia sikujua kwamba ni siri, nitakuwa mwongo. Nililihisi sikio langu likipata moto pale pale mama alipolishika. Nililitazama lile kopo, labda kwa muda wa kuhesabu mpaka tano.

"Ana maradhi," nikasema.

"Maradhi gani, mwanangu? Niambie mie. Mie namwonea huruma tu. Huenda tukajua dawa."

Na akaniwekea mkono begani, mkono ule ule wenye kitambaa cheupe niliokuwa nikiuona kwa mbali. Nikasema yote. Uchungu wa siku tatu, maiti, mume, sanduku, vitambaa, godoro kwenye migomba. Sikuachia hapo. Nikaona wanawake wote wamenyamaza kunisikiliza, hata mpiga sanduku ameacha kamba yake, na sijapata kusikilizwa vile maishani mwangu, nikatafuta cha kuongeza. Nikasema habari ya magunia.

"Mangapi?" akauliza.

"Matatu."

"Matatu," akasema, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi kujua umekolea chumvi. Mzee Faki alikuwa kwenye kona akikaza nyuzi za fidla. Aliinua kichwa akanitazama, akakiinamisha tena.

Kwa malipo waliniacha niitikie nao wimbo mmoja, mimi, sauti yangu katikati ya sauti za Waridi. Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Bi Hadia alikuwa dirishani. "Leo una furaha gani?" akaniuliza. Nikamwambia hakuna.

Harusi ilikuwa Bopwe. Mama wa bibi harusi hakuwa na habari za vikundi wala pande. Alikuwa amempa Bi Hadia kazi ya gauni la binti yake, na Waridi kazi ya kupiga. Alikuja mwenyewe Utaani kumwomba fundi aende akaone kazi ya mikono yake ikivaliwa. Bi Hadia alikataa mara mbili. Mara ya tatu mama yangu akamwambia, "Twende. Tutakaa karibu na mlango. Ukitaka kutoka tunatoka." Tangu alfajiri ya siku hiyo hakunywa hata tone la maji. Mama alimfunga vitambaa, tabaka juu ya tabaka, akamvisha gauni lake la zambarau, akamtia marashi ya waridi kichwani mpaka miguuni. Mama naye alivaa kanga zake mpya, doti aliyoletewa na baba, iliyokuwa bado inanuka duka. Mimi nilikuwa na gauni jipya, jeupe, la mkono wa Bi Hadia.

Tulifika baada ya Alasiri. Ua ulikuwa umejaa, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, watoto, sinia, jasho, udi. Tukakaa karibu na mlango kama ilivyopangwa. Lakini mama wa bibi harusi akatuona, akaja mbio, akamshika Bi Hadia mkono. "Fundi wangu akae mlangoni? Haiwi!" Akamvuta katikati ya watu mpaka mbele kabisa, hatua tatu kutoka kwa Bi Zuwena, na akina mama wakajibana kumpa nafasi, kisha wakajaza njia nyuma yake. Mama alimfuata, akapata nafasi safu moja nyuma. Mimi nilibaki nimesimama ukutani, mahali pazuri, naona wote.

Nyimbo mbili za mwanzo zilikuwa za kumsifu bibi harusi. Bi Hadia alikuwa akitikisa kichwa taratibu, na nilimwona, mara ya kwanza tangu nimjue, akitabasamu mbele ya watu. Kisha Bi Zuwena akasogea mbele. Akafuta midomo. Akasema, "Hii mpya. Tumeitunga juzi tu." Na akaimba.

Kuna ndege wa jirani, kiota hakikauki
Akianike juani, bado maji hayatoki
Ajifukize ubani, harufu haifichiki

Nitawaambia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilifurahi. Nilipoisikia ile ya jua na ile ya ubani, moyo wangu ulipanda. Haya ni maneno yangu! Maneno yangu mimi yamepandishwa kwenye fidla, Bi Zuwena anayaimba, na ua mzima unasikiliza! Nilikuwa nimesimama na gauni jeupe, mdomo wazi, natabasamu.

Mshona nguo za watu, yake haishi kulowa
Mshona nguo za watu, yake haishi kulowa

Wanawake wakaelewa. Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele kama maji yanayofurika kwenye mfereji. Walijikinga midomo kwa kanga, wakasukumana mabega, wakaelekeza kwa macho. Mmoja aliyekuwa anatafuna alicheka mpaka tambuu ikamtoka ikamwagikia kifuani. Mwengine alijiziba pua, kwa mchezo, na watatu wakamwiga. Waliinuka kumtunza Bi Zuwena, wanapita juu ya vichwa vya watu, makalio yakicheza. Akaongeza:

Magunia kitandani, matatu na hayashiki

Hapo mama aligeuza uso. Hakumtazama Bi Zuwena wala Bi Hadia. Alitafuta ukutani mpaka akaniona mimi. Idadi ya yale magunia ilijulikana na watu wanne duniani, naye alikuwa anahesabu watatu waliobaki. Nilidhani ananiuliza kama nimeupenda wimbo. Bado nilikuwa natabasamu, na nikamtabasamia.

Bi Hadia alisimama. Sijui alitaka kwenda wapi, kwa kuwa njia haikuwapo. Alisimama tu, mikono imeshika pande za gauni, na pale alipokuwa amekaa mkeka ulikuwa umekuwa mweusi. Marashi yote yale hayakufaa kitu. Harufu ilipanda, kali, na safu nzima ya wanawake ikajivuta nyuma kwa mara moja, wakikunja kanga zao kama watu waliomwona nyoka. Hapo ndipo tabasamu lilipokauka usoni kwangu. Palibaki duara tupu katikati ya ua, mkeka uliolowa, na yeye.

Wimbo haukusimama. Bi Zuwena alikuwa akiimba macho wazi sasa, na niliyaona meno yake, mekundu kwenye ufizi, na ute mwekundu kwenye pembe ya mdomo unaovutika kila akitamka. Niliona jinsi shingo yake inavyofura. Sauti ilikuwa ile ile niliyoililia Idi. Haikupungua hata chembe. Hilo ndilo lililonitia kichefuchefu kuliko yote, kwamba ilikuwa bado nzuri.

Mama akainuka. Akapita mbele, akamshika Bi Hadia begani akampitisha nyuma yake. Kisha akaziweka sawa kanga zake mpya, akakaa. Alikaa pale pale, katikati ya ule weusi, akakunja miguu, akatulia kama mtu aliyekaa nyumbani kwake. Nililiona lile doa likipanda kwenye nguo, likifuata maua ya kanga moja baada ya jingine.

"Endelea, Bi Zuwena," akasema. Hakupaza sauti. "Tumekaa. Tunakusikiliza."

Fidla ilinyamaza. Mzee Faki alikuwa ameishusha mapajani, na upinde ameuweka chini. Bi Zuwena akaimba nusu mstari bila ya fidla, akakohoa, akatafuta kopo lake. Kwa muda palikuwa na sauti ya watoto wachanga tu. Nisiwadanganye kwamba ua mzima uliona haya. Punde si punde mpiga kidumbaki akaanzisha nyingine, ya kuchezea, na makundi ya wanawake yakaanza kuinuka na kucheza, wakizunguka mbali na pale alipokaa mama.

Na mimi? Laiti ningewaambia nilimkimbilia. Nilimwona mama yangu amekaa kwenye mkojo wa mtu mbele ya Wete nzima na niliona kinyaa naye. Ndiyo, naye. Tulipoondoka, yeye na Bi Hadia walitangulia, wameshikana mikono, kanga ya mama imemgandia mapajani na inzi wawili wanamfuata. Nilibaki nyuma, mbali, nusu ya njia, ili wapita njia wasijue kwamba mimi ni wake. Nyumbani alitaka kunivua gauni nikauchomoa mkono wangu. Nilimwambia, "Unanuka." Akasema, "Naam," akaenda kuoga.

Hakuniuliza kitu. Siku ile, wala kesho yake, wala mwezi ule. Nilingoja kipigo mpaka nikachoka kukingoja. Asumini waliposikia yaliyotokea Bopwe nao wakatunga wimbo wa kujibu, kuhusu mwana wa Bi Zuwena aliyezaliwa kabla ya ndoa, na watu wakakimbilia huko, wakacheka vile vile, wengine wakiwa ni wale wale. Mimi nilisikia mara moja kwa mbali nikatapika nyuma ya jiko. Tangu hapo sijapata kwenda kumtazama mwanamuziki yeyote. Wajukuu wanadhani ni uchamungu.

Bi Hadia aliendelea kushona. Siku moja aliniita kunipima gauni la skuli. Nilisimama mbele yake nikiwa nimezuia pumzi. Alipima bega la kwanza, akanitazama usoni, akainuka akafungua dirisha, kisha akarudi akapima la pili. Mwaka uliofuata kaka yake mama alimpeleka Tanga kwa meli, ambako walisikia kuna daktari anayeshona maradhi yale. Ilipita miezi mingi. Barua ilikuja, imeandikwa na mkono wa mtu mwengine, na baba akaisoma ukumbini. Ilikuwa na salamu za kila mmoja wetu kwa jina, hata mimi, na mwisho wake sentensi moja: mwambieni Bi Maua nalala pakavu. Mama akaomba isomwe tena. Kisha akachukua ndoo akenda kisimani, ingawa mitungi yote ilikuwa imejaa.

Niliolewa, nikapata mimba yangu ya kwanza, na uchungu ulinishika siku mbili. Mtoto alitoka hai, Alhamdulillahi. Lakini nilikuwa nimelala kwenye damu na kila kitu ambacho mwili unaweza kutoa, siwezi kugeuka, na mama alikuwa ananisafisha kwa mikono mitupu, bila kugeuza uso, bila kufanya haraka. Niliona aibu nikamwambia aache, aite mtu. Hakuacha. Ndipo nikamwuliza, baada ya miaka yote ile, kwa nini alikaa pale siku ya Bopwe. Nilitaka aniambie kwamba ni kwa ajili ya Bi Hadia, kwa kuwa alikuwa rafiki yake na alimwonea huruma. Nilikwisha kumtungia jibu hilo mimi mwenyewe, zamani.

Alikamua kitambaa kwenye beseni.

"Wimbo umetoka nyumbani kwangu," akasema. "Ningekaa wapi?"

Akaendelea kunipangusa. Mimi nikageuzia uso ukutani. Miaka yote nilikuwa nikidhani siku ile kila mtu pale uani alikuwa na kinyaa isipokuwa mama. Kumbe naye alikuwa nacho. Mkeka haukumtia kinyaa, na sidhani kama hata Bi Zuwena alimtia. Kilichomtia kinyaa kilikuwa kimesimama ukutani na gauni jeupe, kinamtabasamia. Na jioni ile ya Bopwe, alipotoka kuoga, alinipakulia wali, akaniondolea miba ya samaki kwa vidole vyake, mmoja mmoja, akanisogezea sahani.

Nilikula. Sikumbuki hata kama nilishukuru.